Kwa Pengo, Kabla Sijawasha Kamera

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumatano, baada ya chai ya asubuhi.

Mpendwa Pengo wangu,

Hujambo mwanangu? Mkwe wangu hajambo? Na Kibogoyo wetu je, sasa analala, au bado amewapanga zamu kama walinzi wa benki? Mgongo wako umepoa? Ulisema kuinama kwenye beseni ndiko kunakuumiza. Weka beseni juu ya meza, usimwinamie mtoto kama mtu anayefua. Ninaomba barua hii iwakute wote watatu mmeshiba na mmelala.

Mahali hapa ndipo mwandishi wa barua huandika kwamba naye ni mzima wa afya. Nitauruka mstari huo kwa sasa, mwanangu, nitaurudia mbele kidogo. Usiteremke kuutafuta. Soma kwa mpangilio kama nilivyokufundisha.

Najua unashangaa. Tunaongea kila Jumapili, halafu leo Mamkubwa kaamua kuandika barua yenye anwani na siku, kama enzi za stempu. Ninaichapa kwa vidole viwili kwenye laptopu hiyohiyo tunayoilalamikia kila wiki, na nitakutumia kwa barua pepe. Lakini nimetaka iwe barua. Tukiongea, wewe ni mwepesi wa kunikatiza na mimi ni mwepesi wa kukatizika, na jambo nililonalo nikishalianza nataka nilimalize.

Kwanza asante. Kifurushi chako kilifika wiki iliyopita. Baba yako ndiye aliyekwenda kukichukua posta. Akarudi amekishika kwa mikono miwili, akasimama mlangoni, akakitikisa sikioni.

“Shemeji, wamekuibia. Humu hamna kitu.”

“Lete hapa.”

“Nakwambia ni hewa. Nimebeba mizigo miaka yote ile, mzigo mtupu naujua.”

Nikakata gundi kwa mkasi. Karatasi, ndani ya karatasi sponji, ndani ya sponji mfuko wa rangi ya fedha, na ndani ya mfuko kibao chembamba cha kijani, urefu wake kama kidole changu cha kati, kimepangwa vidude vyeusi mgongoni. Baba yako akakitazama, akautazama muhuri wa posta, akakitazama tena.

“Hiki ndicho kilichopanda ndege?”

“Ndicho.”

“Basi na mimi wangenikunja.”

Hajambo, kama unavyomsikia. Goti la kushoto, lile analoliita goti la klachi, bado linamsumbua anapoinuka. Kile kiti cha lori alichokiomba siku anastaafu bado kipo barazani kwangu juu ya matofali, na bado anakikalia akitazama barabara kana kwamba kuna mtu atampisha. Kila asubuhi anakuja kunisalimu, anakunywa chai yangu, anailalamikia, anaongeza kikombe cha pili.

Sasa nikueleze kwa nini kibao hicho kilinitia furaha na hofu kwa pamoja.

Jumapili ile ulipomsogeza Kibogoyo karibu na simu yako ukapiga kelele, “Mamkubwa, tazama, limetoka! La chini!” mimi nilisogea mpaka pua ikagusa kioo. Nilichokiona ni miraba. Kidevu miraba ya kahawia, mdomo mraba mweusi, kisha picha nzima ikaganda na sauti yako ikaendelea peke yake: “Umeliona? Umeliona?” Nikasema nimeliona, zuri, limenyooka. Sikuliona, Pengo. Nimetazama vinywani mwa watoto wa watu maisha yangu yote ya kazi, halafu jino la kwanza la mjukuu wangu nikalisifia kwa kubuni. Hilo ndilo kosa dogo. Nimelitanguliza ili linifungulie njia.

Ulipouliza kwa nini na wewe hunioni, nikajibu vilevile: mashine nzito, nikiwasha kamera inaganda yote. Ukaanza kunihoji kama daktari. Ina umri gani? Inachukua muda gani kuwaka? Chini yake pameandikwa nini? Ukaniambia tatizo ni kumbukumbu yake ndogo, ile ambayo mafundi wanaiita ramu. Kwamba ni kama mtu mwenye meza finyu, akiweka faili la pili la kwanza linaanguka chini. Nilifurahi moyoni kwamba kisingizio changu kimepata maelezo ya kitaalamu. Kumbe mwenzangu ulikuwa unaandika jina la mashine pembeni, na kesho yake ukaenda dukani kuninunulia kibao hicho.

Mashine ilikuwa nzito kweli. Lakini kamera haikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyekuwa naizima, na baadaye nikaibandika kipande cha plasta ya kidonda, isije ikajiwasha kwa bahati mbaya ukaniona.

Basi, Pengo, mpe mkwe wangu mtoto. Kaa kwenye kiti chenye mgongo.

Unakikumbuka kile kibanda cha pazia kwenye zahanati yangu ya meno, ulipokuwa ukifanyia kazi za shule ukinisubiri nimalize wagonjwa? Ulikuwa ukisikia kila kitu, na nyumbani ulimfungulia mwanasesere wako zahanati, ukimwambia maneno yangu kwa sauti yangu. “Itauma kidogo. Nitakuambia kabla haijauma. Halafu itakwisha.” Wasaidizi wapya walipenda kuwaambia watoto kwamba haiumi hata kidogo, nami niliwakataza kwa ukali. Mtoto ukimdanganya mara moja, wiki ijayo hata mama yake hatafanikiwa kumfumbua kinywa. Wewe mwenyewe, siku yalipong'oka yale mawili ya mbele kwa mpigo na ukapata jina lako, hukulia, kwa sababu nilikuwa nimekwambia.

Itauma kidogo.

Nina uvimbe kwenye kongosho, na umeshahamia kwenye ini. Uligunduliwa mwezi ule ambao daktari wako alikuwa amekulaza kitandani, amekukataza hata kupanda ngazi, ujauzito ukiwa umebakiza wiki chache. Hospitali wamezungumza nami kama watu wanaojuana kikazi: hakuna cha kukata, dawa ni za kutuliza maumivu, na muda uliobaki ni wa miezi, tena si mingi. Nimepungua sana. Lile gauni langu la buluu sasa lingetutosha wawili. Macho na ngozi vimekuwa vya njano. Siumwi kila saa, hilo nalo ni kweli, dawa zinafanya kazi yake. Muuguzi anakuja nyumbani mara mbili kwa wiki. Baba yako anajua. Nilimwapisha asikwambie, kwa hiyo usimlaumu. Ndiyo maana siku hizi ukimuuliza habari zangu anakujibu habari za goti.

Hayo ndiyo yanayouma. Lia kama unataka kulia, nami nitakunywa maji kwanza.

Nimerudi. Tuendelee.

Utaniuliza kwa nini. Jibu langu la kwanza lilikuwa zuri, na kwa muda lilikuwa la kweli: nilisema ajifungue salama kwanza. Ukajifungua, nikasema maziwa yatoke kwanza. Maziwa yakatoka, nikasema mtoto apate usingizi kwanza. Nilipojikuta nasubiri aote meno, nikajua kwamba simkingi mtu yeyote isipokuwa mimi mwenyewe.

Ukweli ni huu. Wiki nzima mimi ni mgonjwa. Jirani akiingia anashusha sauti mlangoni. Muuguzi ananivua viatu. Baba yako, mtu ambaye hajawahi kunikubalia hoja hata moja tangu alipomwoa mdogo wangu, siku hizi ananikubalia kila kitu, na hakuna kitu kinachonitisha kama hicho. Lakini Jumapili, saa ile moja tunapoongea, wewe hukujua. Ulinilalamikia bei za nepi. Ulinigombeza kwa kusahau siku ya kuzaliwa ya mkwe. Ulinitania kwamba nimekuwa mvivu wa kusuka nywele ndiyo maana najificha. Saa ile nilikuwa mzima, Pengo. Nilikuwa Mamkubwa wako wa siku zote, mwenye sauti na mabishano. Sikutaka kuigawa saa ile na ugonjwa. Niliibania kama mchoyo.

Kwa hiyo kile kibao kilipofika nilikitia kabatini, nyuma ya birika. Jumapili iliyopita ulipouliza kama kimefika nikasema posta wanachelewa, na baba yako pale kwenye kochi akaanza kukohoa kikohozi ambacho hana. Kabla hujakata ukasema ufizi wa Kibogoyo umeanza kuvimba tena, la pili liko njiani. Usiku ule nililala na jambo hilo kifuani. La kwanza limenipita. Nikiendelea kujificha, na la pili litanipita, na sina uhakika kwamba nitakuwepo kwa la tatu. Lakini nikiweka kibao nilione jino, sitakuwa tena na sababu ya kukuficha uso. Ulikuwa umenitumia zawadi iliyonifungia mlango wa kutorokea, na hata hukujua.

Jumatatu nikakitoa nyuma ya birika.

Baba yako akashauri tumpelekee fundi simu wa pale kona, dakika tano tu. Nikakataa. Sikuwa na shaka na fundi, kazi yake ni safi. Lakini mikono hii haijafanya kitu chochote cha maana tangu niugue. Inashika kikombe, inashika rimoti, inashikwa na watu. Nilitaka mara moja tena nifungue kitu kidogo, nitoe kilichochoka, niweke kizima, nifunge.

Nikasafisha meza. Nikatoa lile bati langu la vifaa vya zahanati, nikachukua trei ya chuma, kurunzi na kile kioo kidogo cha kuchungulia kinywani. Maelekezo uliyoyaweka kwenye kifurushi niliyaegemeza kwenye bakuli la sukari. Nikazima mashine, nikachomoa waya wa chaja, nikatoa betri, nikabonyeza kitufe cha kuwasha na kukishikilia ili umeme uliobaki uishe. Kisha nikashika nondo za dirisha, maana uliandika kwamba mwili wa mtu una umeme wake unaoweza kukiua kibao bila mwenyewe kusikia chochote.

“Sasa mbona umeshika nondo kama mfungwa?” akauliza baba yako.

“Natoa umeme mwilini.”

“Toa wote basi, tupigie pasi.”

Bisibisi ya baba yako ilikuwa nene, ya kufungulia mabati ya lori. Nikatumia ile ndogo ninayokazia miwani. Skrubu za mfuniko wa chini nilizipanga kwenye trei kwa nafasi zake, kama zilivyokaa kwenye mashine. Moja ikakataa. Mkono ukaanza kutetemeka na bisibisi ikateleza. Basi nikafanya nilivyokuwa nikifanya siku za uchovu, mgonjwa wa mwisho jioni: nikaegemeza kidole cha mwisho kwenye kitu kigumu, mkono ukapata nguzo, na vidole vingine vikatulia. Skrubu ikazunguka. Laiti ungeniona.

Mfuniko ulipotoka tukakiona kibao cha zamani kimelala, kimebanwa pembeni na vibana viwili vya chuma. Nikavitenga kwa kucha, na kibao kikainuka chenyewe kwa mshazari, kama jino la utoto lililokwisha kuachia linasubiri tu kuondolewa. Nikakivuta kwa kingo zake. Hicho kipya nacho nikakishika kingoni, nisiguse ile safu ya meno ya dhahabu iliyo chini yake. Katikati ya safu kuna pengo, nalo ndilo linaloonyesha upande upi ukae wapi. Nikamwonyesha baba yako. Akasema, “Huyu naye wa kwetu.”

Nikakiingiza kwa mshazari, nikakilaza, vibana vikashika. Nikafunga kila kitu, nikarudisha betri, nikabonyeza.

Kioo cheusi. Feni ikazunguka. Halafu mlio: tii, tii, tii. Kimya. Tii, tii, tii.

Baba yako akasubiri kwa heshima, kisha akasema, “Tuisukume?”

Hapa ndipo kwenye sehemu niliyoiandikia barua, mwanangu. Uvimbe haukuwa chaguo langu, hili lilikuwa langu. Nilipokitazama kioo kile cheusi, nilifurahi. Nilihuzunika kidogo kwa ajili ya zawadi yako, lakini chini ya huzuni ile kulikuwa na furaha tele. Mashine imekufa. Sitaonekana. Nitakuambia nimeiua kwa mikono yangu, utanicheka, tutarudi kwenye simu ya sauti tupu, nami nitabaki mzima kila Jumapili mpaka siku ambayo baba yako atakupigia peke yake. Niliyaona yote hayo kwa mara moja, mpaka namna atakavyoanza kusema. Na bado nilikunywa uji wangu wote jioni ile, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa muda.

Jana muuguzi akaja. Binti mpole, ana mikono mizuri, hilo siwezi kumnyima. Akaandaa sindano, akanipapasa mkono kutafuta mshipa, akaniambia kwa sauti ya kubembeleza, “Haitauma hata kidogo, bibi.”

Ikauma. Mishipa yangu siku hizi imejificha kuliko mimi. Nikamfokea yule binti kwa sauti ambayo sikujua kama bado ninayo.

“Kwa nini unanidanganya? Kama inauma sema inauma, mtu ajiandae! Unadhani ukinificha haitauma?”

“Samahani, bibi. Nilitaka usiogope.”

“Hujanisaidia! Sasa nitaogopa kila ukija!”

Halafu kutoka barazani, kwenye kiti chake cha lori, nikamsikia baba yako, wala hakugeuza shingo.

“Rudia, shemeji. Rudia kwa sauti, Pengo asikie.”

Yule binti akatutazama, mmoja baada ya mwingine, asielewe. Nikamwomba radhi. Baba yako sikumwomba, asije akavimba kichwa, lakini tangu jana nimeacha kuipunguzia chai yake sukari.

Alipoondoka muuguzi, nikaifungua tena mashine. Safari hii sikuwa na haraka. Nikatoa betri, nikashika nondo, nikapanga skrubu. Kibao kilionekana kimekaa sawa kabisa. Nikachukua kile kioo cha kinywani, nikakilaza kwenye tundu, nikamulika kwa kurunzi, kama nilivyokuwa nikitafuta uozo katikati ya magego. Na hapo nikaona: chini ya kibao, mstari mwembamba wa dhahabu. Meno yalikuwa bado yako nje. Kibao kilikuwa kimeegeshwa tu, hakikuingia. Nilipokigeuza kile kioo kidogo nikaliona na jicho langu, la njano, linanitazama kutoka humohumo ndani ya mashine. Tukatazamana.

Nikajua nilichokosea, na nina hakika hakuna fundi duniani angekosea hivyo. Maisha yangu yote mikono hii imefundishwa isisukume. Ukisukuma kinywani, umeumiza. Basi hata kibao nilikibembeleza kama ufizi, nikakiacha katikati ya njia nikidhani ndiyo huruma. Nikaweka vidole gumba viwili kwenye kingo zake, nikasukuma hasa, mpaka nikaogopa, mpaka dhahabu yote ikazama. Nikakilaza. Vibana vikalia: ta! ta! Pande zote mbili. Jumatatu havikulia hivyo, ila masikio yangu hayakutaka kujua.

Nikabonyeza. Ikawaka kabla sijamaliza kuvaa miwani.

Nikatafuta pale uliponielekeza, nikasoma: giga nane, zilikuwa nne. Baba yako akauliza maana yake ni nini. Nikamwambia ni kama lori lake kuongezwa kichwa cha pili. Akakaa akalifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. “Na mafuta je?” akauliza.

Kisha nikabandua plasta, nikawasha kamera nikiwa peke yangu, nione utakachokiona. Ninakueleza kabla, kama nilivyoahidi siku zote kueleza kabla. Utamwona bibi mwembamba mwenye kilemba, mashavu yameingia ndani, shingo ina mikunjo ambayo zamani haikuwepo. Macho usiyaogope, ni rangi tu. Mkono ukiona unatetemeka, ni kwa sababu haujaegemea kitu. Meno yote bado ni yangu, hilo mtangazie mkwe wangu. Nilijitazama kwa muda, nikajitabasamia kujaribu, na lile tabasamu nililitambua. Lipo bado.

Lingine. Mlisema mtakuja mwisho wa mwaka, Kibogoyo akishatembea. Sikulazimishi uje mapema. Una kazi, una mtoto mchanga, una mume wa kushauriana naye, na safari ni ndefu. Ila sikutaka upange bila kujua, halafu ubaki na swali ambalo hakuna wa kukujibu. Ukiniuliza mimi, ningependa aje akiwa anatambaa.

Na ukiona haiwezekani, haiwezekani. Sitanuna. Ulinipa umama ambao sikuutafuta, siku mdogo wangu alipotutoka na wewe ukiwa mdogo kuliko meza hii ninayoandikia. Sikuwahi kukuambia kwamba nilikuogopa mwanzoni. Ulikuwa ukinitazama mdomoni nikiongea, kana kwamba unasubiri nikosee. Nimekosea mara hii. Naomba unisamehe kuficha, na hasa unisamehe ile furaha ya Jumatatu.

Jumapili hii nipigie saa ileile. Nitakuwa nimekaa dirishani, mahali penye mwanga, plasta imeshatupwa. Kama utashindwa kusema, usiseme. Kama utalia, nitakusubiri, sasa picha haitaganda katikati ya kilio. Ukiwa tayari, msogeze Kibogoyo karibu na taa, mshike kidevu, mshushe mdomo wa chini kwa kidole safi. Safari hii nitakuambia ukweli kuhusu jino hilo, hata kama limepinda.

Nisalimie mkwe wangu, mwambie namshukuru kwa kukupikia. Mama mkwe wako mpe salamu za heshima, na umwambie dawa ya fizi aliyoniuliza ni chumvi na maji ya vuguvugu, asiuziwe kitu kingine. Rafiki yako Miwani, yule mliyesoma naye, alipita wiki iliyopita akaniletea maua, anakusalimu. Baba yako anasimama nyuma yangu akisoma, anasema niandike kwamba anakusalimu na kwamba goti ni zima kabisa, halikuwahi kuuma. Kibogoyo mbusu ufizi wote, wenye meno na usio na meno, na muanze kumtafutia jina jingine.

Mungu akupe nguvu ya siku hii na usingizi wa usiku wake. Awalinde njiani mkisafiri, na mkikaa awalinde mlipo.

Ni mimi niliyekupenda tangu ukiwa na meno yote, na ulipokuwa huna,

Mamkubwa wako.